Watoto wa Shule ya Jumapili Wapewe Kazi

Kanyangi ni mahali palipo kusini-magharibi ya mji wa Kitui, katika nchi ya Wakamba, upande wa kuelekea mto Athi ambao ndio mpaka kati ya Kitui na Makueni. Ni nchi kavu. Mvua ikikawia, vijito hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima katika mchanga huo, wakachota maji kwa kata na kuyapeleka nyumbani kwa punda. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa, Jumapili asubuhi, huenda amekwisha fika kisimani na kurudi kabla hajavaa shati lake la kanisani.

Afikapo kanisani hutengwa pamoja na wenzake, hupelekwa chini ya mti au katika darasa la shule iliyo jirani, na hapo mwalimu huanza kusema. Husema nusu saa. Watoto, labda arobaini, labda sitini, hukaa juu ya mabenchi wakimtazama. Mwisho husemeshwa aya moja ya Biblia mara tano kwa pamoja, wakaimba, wakaombewa, wakaenda zao. Jioni mtoto akiulizwa na susu yake, yaani bibi yake, amejifunza nini, hujibu, “Tulifundishwa habari za Mungu, Susu.” Akiulizwa ni habari zipi, hutazama chini.

Jambo hili halitokani na uvivu wa walimu. Walimu wa shule ya Jumapili, wengi wao, ni vijana waliomaliza masomo na akina mama wa kanisa, wala hawapati mshahara. Wanatoa siku yao ya kupumzika. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba wanafundisha kama walivyofundishwa wao wenyewe, nao walifundishwa ya kuwa mtoto mwema ni mtoto aliyenyamaza.

Walakini shule hizi hazikuanzishwa ili mtoto anyamaze. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester huko Uingereza, mtu mmoja mwenye gazeti, jina lake Robert Raikes, aliwaona watoto wa maskini wakizurura siku ya Jumapili. Siku sita walikuwa kazini, wengine katika viwanda vya kutengeneza pini, na ile ya saba hawakuwa na la kufanya. Raikes hakuwa mtu wa kwanza kabisa kukusanya watoto siku hiyo, lakini shule yake, na habari alizozichapa katika gazeti lake mwaka 1783, ndizo zilizofanya jambo hili lienee. Na kazi ya shule hiyo ilikuwa kazi hasa: mtoto alijifunza kusoma. Hapana awezaye kumsomea mtoto herufi kwa niaba yake. Sharti azitambue mwenyewe kwa macho yake.

Ndivyo ilivyokuwa Ukambani pia. Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko ilipigwa chapa katika Kikamba. Baadaye, katika miaka ya 1890, wamisionari wa Leipzig walikaa Ikutha, na mwaka 1895 wenzao wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui. Watu waliofuata mafundisho yao waliitwa asomi, yaani wasomaji. Jina hilo latosha kuonyesha kazi yao ilikuwa ipi. Baadaye shule za siku za kazi zikachukua kazi ya kusomesha, ikawa ya Jumapili imebaki na kusikiliza tu. Hasara hiyo ilikuja polepole, na huenda ndiyo sababu haikutambuliwa.

Mtoto kwenda kuangalia wingu

Basi twaa mfano wa somo moja ambalo kila mwalimu wa Kitui amepata kulifundisha: habari za nabii Elia na mvua, katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 18. Njaa ya miaka ilikuwa imeikausha nchi. Elia alipanda juu ya mlima Karmeli, akainama na kuweka uso wake katikati ya magoti, akamtuma mtumishi wake aende kutazama upande wa bahari. Mtumishi akaenda, hakuona kitu. Alirudishwa mara saba, na mara ya saba ndipo alipoona wingu dogo, kadiri ya mkono wa mtu.

Mwalimu aweza kusimulia habari hii kwa dakika tano, na watoto wataisahau kwa muda ule ule. Lakini na amchague mtoto mmoja awe Elia, ainame pale chini. Mwingine awe mtumishi, apige mbio hata kwenye kichuguu kilicho mbali kidogo, atazame mbingu, arudi na kusema, “Hapana kitu.” Wale wengine wahesabu kwa sauti. Mara ya kwanza watacheka. Mara ya tatu mtumishi ataanza kuhema. Mara ya tano hatataka kwenda tena, na miguu yake itakuwa mizito kweli kweli, kwa kuwa jua la Kitui si la mchezo. Hapo mwalimu asimamishe mchezo na kumwuliza, “Mwanangu, ulipotumwa mara ya tano ulifikiri nini moyoni?” Jibu atakalotoa mtoto huyo halimo katika kitabu cha mwalimu. Pengine atasema, “Nilifikiri Elia ananisumbua bure.” Basi! Hilo ndilo somo lenyewe. Watoto ambao wazazi wao wamepanda mara mbili katika msimu mmoja, na mara zote mbili mbegu zikafia udongoni, wanajua maana ya kutazama mbingu mara ya tano.

Ajabu ni kwamba somo kama hili halihitaji vifaa. Walimu wengi hulalamika ya kuwa hawana picha za rangi wala vitabu kama vya makanisa ya mjini. Malalamiko hayo ni ya haki, maana kitabu chema husaidia. Lakini picha ya wingu haiwezi kushinda wingu, na mtoto wa Kitui ana mbingu juu ya kichwa chake.

Visima vya Isaki

Liko somo jingine ambalo lingefaa kufundishwa penye mchanga, nalo ni la visima vya Isaki katika Mwanzo, sura ya 26. Watumishi wa Isaki walichimba kisima bondeni wakapata maji; wachungaji wa Gerari wakaja wakadai ya kuwa maji ni yao. Isaki akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Hicho kikaitwa Sitna, yaani uadui. Akaondoka hapo, akachimba cha tatu, wala hapana aliyekigombania. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Watoto wagawanywe makundi mawili. Kundi moja lichimbe shimo dogo kwa mikono, la pili lije na kusema, “Ondokeni, maji haya ni yetu!” Mwalimu asiwaambie la kujibu. Awaache wajibizane kwanza, mradi wasipigane. Watoto wamesikia maneno hayo kisimani kwa masikio yao. Wanajua ni nani hupanga mtungi wake mbele ya mwenziwe, na ni mama yupi alirudi nyumbani na madebe matupu. Kisha mwalimu awaongoze watoto wa Isaki waondoke na kwenda kuchimba mahali pengine.

Hapo yaelekea mtoto mmoja atainua mkono na kusema, “Mwalimu, lakini Isaki alikuwa mwoga. Kisima kilikuwa chake.”

Mwalimu wengi hushtuka wasikiapo neno kama hilo. Huona mtoto amemtukana mzee wa Biblia, naye hufanya haraka kumkemea au kulifunika swali kwa wimbo. Hilo si jema. Mtoto huyo ndiye mwanafunzi wa kwanza siku hiyo aliyefikiri. Yafaa swali lake lirudishwe kwa wenziwe: “Ninyi mwasemaje? Alikuwa mwoga, au alikuwa na akili?” Mmoja atasema angepigana. Mwingine atasema baba yake aliwahi kumwachia jirani mpaka wa shamba, na sasa wanasalimiana. Msichana atauliza kama ni haki mtu kuchimba mara tatu ilhali mwingine hakuchimba hata mara moja. Maswali haya wazee huyapeleka barazani kwa chifu, nao huchoka nayo. Si ajabu basi kama watoto wasiyamalize kwa nusu saa. Mwalimu aweza kuwaacha waende nalo nyumbani. Mtoto atakayemwuliza baba yake jioni, “Baba, ungekuwa wewe Isaki ungefanyaje?” amekuwa mwalimu wa nyumba nzima.

Fumbo kabla ya hadithi

Watu husema ya kuwa kumshirikisha mtoto katika mafundisho ni desturi ngeni, iliyoletwa na vyuo. Hawakumbuki jioni za zamani. Katika nyumba za Wakamba watoto walikaa karibu na moto chakula kikiiva, mmoja akasema, “Kwata ndai!” na wenziwe wakaitika, “Nakwata!” ndipo fumbo likatolewa, kama Mswahili wa pwani asemavyo “Kitendawili!” akajibiwa “Tega!” Katika mchezo huo hapana aliyekaa kama mgeni. Mdogo kuliko wote aliweza kuwashinda wakubwa, na aliyeshindwa kesho yake alirudi na fumbo gumu zaidi. Mafundisho mengi juu ya wanyama, mimea, jamaa na tabia yaliingia vichwani mwa watoto kwa njia hiyo, wala hapana aliyepiga kengele.

Na Biblia yenyewe ina fumbo. Katika Waamuzi, sura ya 14, Samsoni aliwategea vijana thelathini fumbo karamuni mwa arusi yake, akawapa siku saba walifumbue, naye aliweka dau la mavazi. Jibu lake lilikuwa nyuki na asali alizozikuta katika mzoga wa simba aliyemwua yeye mwenyewe. Mwalimu mwenye hekima hataanza na simba. Ataanza na fumbo, atalitega kwa Kikamba, na kuwaacha watoto wahangaike nalo kwanza. Hadithi ikija baadaye, itapokewa kama maji na mtu mwenye kiu.

Lakini ajiandae kwa mabishano. Kitui ni nchi ya mizinga, na mtoto wa mfuga nyuki atasema pasipo haya, “Mwalimu, nyuki hawakai mahali penye uvundo.” Ni kweli, hawakai. Basi na wafungue kitabu wasome tena, wataona ya kuwa Samsoni alirudi baada ya muda, si siku ile ile aliyomwua simba. Mtoto aliyebisha ataisoma sura hiyo kwa makini kuliko mtoto aliyeitikia “Amina”.

Tena watoto wenyewe watunge mafumbo kutokana na masomo waliyokwisha kuyasikia. Mmoja aweza kusema, “Nyumba yangu haina mlango wala dirisha.” Wote watapiga kelele, “Yai!” Naye ataongeza kwa furaha, “Nami nilikaa humo siku tatu.” Hapo watanyamaza, mpaka mmoja akumbuke Yona na samaki.

Neno moja juu ya lugha. Vitabu vingi vya mafundisho vimeandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na walimu wengine huona fahari kuvisoma kama vilivyo. Biblia nzima katika Kikamba ilichapwa mwaka 1956. Mtoto mdogo wa Kanyangi hubishana, hutega mafumbo na kuota ndoto kwa Kikamba. Akiambiwa aulize swali kwa lugha nyingine, atatafuta maneno hata swali lenyewe limpotee.

Makelele na mengine

Wazee wa kanisa hawatapendezwa mara moja. Ibada ya watu wazima yaendelea ndani, na huko nje watoto wanahesabu “Nne! Tano!” kwa sauti kubwa. Malalamiko yao yana haki. Dawa yake ni kwenda mbali kidogo, chini ya mti wa pili, si kuwarudisha watoto kwenye mabenchi. Yafaa pia mwalimu awaeleze wazee mapema jambo analotaka kufanya, maana mzee aliyeshauriwa huvumilia mengi ambayo mzee aliyeshtukizwa hatayavumilia.

Wengine huogopa ya kuwa mchezo utageuka upuzi. Hutokea. Mtoto aliyefanywa Goliathi hapendi kuanguka, na mara moja Wafilisti wanashinda vita. Tena ni vibaya mtoto yule yule kufanywa Yuda au mwivi kila mara, maana wenziwe watamwita jina hilo hata shuleni. Mwalimu abadilishe, na yule msichana mwenye haya asisukumwe mbele; apewe kwanza kazi ya kushika kitabu au kugawa mawe ya kuhesabia. Siku moja ataomba mwenyewe kuwa Esta.

Wala kukariri aya si jambo la kudharauliwa. Wazee wengi vipofu wa leo wanaishi kwa aya walizozishika utotoni. Ila mtoto azikariri baada ya kujua zinasema nini, si badala ya kujua.

Wanaoondoka

Katika makanisa mengi, mtoto afikapo miaka kumi na miwili au kumi na mitatu huanza kupotea. Haonekani katika shule ya Jumapili kwa kuwa anaona ni mahali pa watoto wadogo, wala ndani ya ibada hana lake. Atakaa nje ukutani, kisha atakaa sokoni, kisha hatakuja. Wazazi husema ni simu, au ni marafiki wabaya. Labda ni kweli. Lakini mtoto huyo amesikiliza hadithi za Nuhu na Daudi kwa miaka minane, wala hajaombwa afanye kitu hata siku moja.

Siku za kazi mambo yake ni mengine. Tangu Januari 2019 shule za Kenya zilianza kufuata mtaala wa umilisi, ambao wamtaka mwanafunzi atende, apime, atengeneze na kueleza mbele ya wenziwe. Mtaala huo una matatizo yake, na wazazi wamekuwa wakinung'unika juu ya gharama zake. Walakini mtoto aliyezoea kuulizwa maoni yake Ijumaa huona ajabu kuambiwa Jumapili anyamaze.

Luka, katika sura ya pili, aeleza ya kuwa Yesu mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na miwili alionekana hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Ni umri ule ule. Kwa mtoto wa umri huo dawa si peremende wala zawadi ya Krismasi. Apewe watoto wanane wadogo, awe kiongozi wao; ahesabu nani amekuja na nani hakuja; awasomee sura; ajue ya kuwa fulani amekawia kwa sababu punda wao ni mgonjwa. Kwa njia hiyo hata mwalimu mmoja mwenye watoto sitini ataweza kazi, maana atakuwa na wasaidizi saba. Na mtoto aliyekawia kwa sababu ya maji hatafokewa na mtu asiyejua alikotoka.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, makanisa ya Kenya yalifungwa mwezi wa Machi, na yalipoanza kufunguliwa mwezi wa Julai watoto wa chini ya miaka kumi na mitatu hawakuruhusiwa kuingia, na shule za Jumapili zilibaki zimefungwa. Nyumba ambayo mtoto mkubwa aliweza kuwatega wadogo zake mafumbo, au kuwachezesha habari za Elia uani, haikukosa shule siku hizo.

Jumamosi jioni

Yote haya yamtaka mwalimu ajitayarishe zaidi, si kidogo. Mwalimu anayesema peke yake aweza kuamka Jumapili na kusema chochote. Anayetaka watoto watende hana budi Jumamosi jioni aisome sura mara mbili, achague mahali pa kusimama, afikiri maswali mawili au matatu ambayo hayajibiwi kwa “ndiyo”, na kisha, jambo lililo gumu kuliko yote, aazimie kunyamaza watoto wakiwa wanafikiri. Kimya cha nusu dakika humtisha mwalimu kuliko makelele ya saa nzima.

Anayetaka kuanza na jambo rahisi aanze wakati wa mvua za vuli, mwezi wa Oktoba au Novemba, ambazo ndizo mvua za kutegemewa zaidi Kitui. Somo liwe la mpanzi, Mathayo sura ya 13. Watoto walete makopo matatu matupu. Moja watie mawe na udongo kidogo juu yake. La pili udongo uliochanganyika na mizizi ya nyasi mbaya. La tatu udongo mwema wa shambani. Kwa habari ya njia, waache njia yenyewe iwe kopo la nne. Wapande kunde, kila kundi mahali pake. Mtoto mmoja hakika atauliza kwa nini mkulima huyo alikuwa mjinga hata akatupa mbegu njiani, maana kwao mahindi na mbaazi hufukiwa shimoni au nyuma ya plau. Mwalimu atamweleza ya kuwa huko Palestina mpanzi alitembea akitawanya ngano kwa mkono, wala njia haikuwa mbali na shamba.

Kunde huota upesi. Jumapili ya pili watakuta zimechomoza katika makopo yote matatu, na kundi la mawe litajisifu ya kuwa la kwao limetangulia. Mwalimu asiseme neno. Awaachie makopo yao wiki mbili zaidi juani. Kundi la njiani halitakuwa na kitu cha kuonyesha, ila litakuwa na habari ndefu ya kusimulia juu ya kuku wa mchungaji.